Maswali ya Wasomaji: Mchwa, Nyumba na Thamani Yake

Barua nyingi tulizopokea kuhusu mchwa zinauliza jambo moja, nalo ni dawa ipi iliyo kali kuliko zote. Tumechagua tano, na katika majibu yetu dawa haitajwi kwanza, kwa sababu dawa inayoiokoa nyumba moja huenda isifanye kazi yoyote katika nyumba nyingine. Yote hutegemea mchwa hao wanaishi wapi na maji wanayapata wapi.

Ndugu Mhariri, nyumba yangu ni ya matofali yenye sakafu ya zege. Mwaka jana niliona mistari ya udongo ikipanda ukutani nyuma ya kabati la jikoni. Nikaifagia, nikapulizia dawa ya kopo, ikatoweka. Sasa imejitokeza upande wa pili wa nyumba, na fremu ya mlango wa bafu imeanza kubonyea nikiigusa. Fundi anasema nyumba ya matofali hailiwi na mchwa, kwa hiyo shida yangu ni unyevu tu. Je, ni kweli?

Fundi wako ameona nusu ya jambo. Ni kweli kwamba mchwa hawali tofali wala zege. Chakula chao ni selulosi, ambayo imo katika mbao, vitabu, maboksi, na hata katika karatasi inayofunika bodi za jasi za dari. Hata hivyo, tofali haliwazuii kupita. Mchwa wa ardhini hupenya katika ufa usiofika milimita moja, na nyufa za namna hiyo zimo karibu katika kila nyumba: pale ukuta unapokutana na jamvi, yaani tabaka la zege la sakafu, pale bomba la maji au la choo linapotoboa sakafu, na pale zege lilipomwagwa kwa awamu mbili likaacha kiungo. Ikiwa ukuta ni wa matofali yenye matundu, wanaweza kupanda ndani kwa ndani hadi kwenye kenchi za paa bila mtu kuwaona.

Mistari uliyoifagia ni vijia walivyojijengea. Mchwa mfanyakazi ana mwili laini unaokauka upesi kwenye hewa, kwa hiyo kila anapovuka mahali palipo wazi hujifunika kwa udongo uliochanganywa na mate na kinyesi, akapata njia yenye unene wa penseli hivi, iliyo na giza na unyevu ndani. Kwa maana hiyo unyevu na mchwa si maelezo mawili yanayoshindana: fremu ya bafu imeliwa mapema kwa sababu ndiyo iliyo karibu na maji.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fanya uchunguzi mdogo. Vunja kipande cha kijia katikati, upana wa vidole vitatu, ukiziacha ncha zote mbili mahali pake. Ukikuta baada ya siku chache kwamba pengo limezibwa kwa udongo mbichi, wenye rangi iliyokolea kuliko ule wa zamani, njia hiyo inatumika. Lisipozibwa, usifurahi mapema, maana huenda wamehamia njia nyingine. Kisha chukua bisibisi uichome fremu ya bafu kuanzia chini, pale inapogusa sakafu. Mbao nzima huikataa ncha, na iliyoliwa huipokea bila nguvu. Ukibandua rangi utaona kwamba kilichobaki nje ni utando wa rangi na nyuzi chache za mbao, na nyuma yake kuna mifereji inayofuata uzi wa mti, imepakwa udongo ndani, kwa kuwa mchwa hula kwanza sehemu laini zilizo kati ya pete za ukuaji na kuziacha zile ngumu zimesimama matabaka matabaka. Gonga pia mbao za jirani kwa mpini wa bisibisi usikilize kama sauti yake ni ya kitu kilicho wazi ndani.

Dawa ya kopo iliwaua waliokuwa njiani saa ile, nao ni sehemu ndogo sana ya kundi. Malkia, mfalme, wadogo na wafanyakazi wengine wako ardhini, pengine mita nyingi kutoka kwenye ukuta wako. Dawa nyingi za kopo ni za jamii ya piretroidi, ambazo mchwa huzitambua na kuzikwepa, na hiyo inatosha kueleza kwa nini wametokea upande wa pili.

Anza na maji. Tengeneza bomba linalovuja, elekeza maji ya paa na ya kipoza hewa mbali na msingi, na hakikisha ardhi inayozunguka nyumba inateremka kutoka ukutani. Baada ya hapo ndipo udongo utibiwe: mtaro wenye upana wa sentimita 15 hivi huchimbwa kando ya msingi, dawa humwagwa ndani yake, na udongo unaorudishwa nao huloweshwa dawa, ndani ya nyumba sakafu hutobolewa kwa drili kando ya kuta na dawa kuingizwa chini ya jamvi, kisha matundu huzibwa. Kwa nyumba ambayo tayari ina mchwa ningechagua dawa wasiyoweza kuihisi, kama fipronili au imidaklopridi, kwa sababu hupita ndani yake bila kujua na kuwaambukiza wenzao wanapolambana na kulishana. Kizuizi cha piretroidi kikiachwa na pengo dogo, mchwa watalipata pengo hilo.

Hapa ndipo wateja wengi hupunjwa, kwa hiyo nitataja kipimo. Lebo za dawa nyingi za udongo huelekeza takribani lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mtaro, kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40 inahitaji kama lita 200 kwa sentimita 30 za kwanza peke yake, bila kuhesabu matundu ya ndani. Mtu anayeizunguka nyumba hiyo kwa pampu moja ya mgongoni ya lita 15 na kumaliza kabla ya chai kupoa hajaweka kizuizi chochote, hata kama dawa aliyotumia ni halali na bora.

Ikiwa una kisima karibu na nyumba, usiruhusu udongo utibiwe kwa dawa ya majimaji kabla ya kusoma lebo inasema nini kuhusu umbali. Mahali pa namna hiyo chambo hufaa zaidi. Vituo vyenye selulosi iliyotiwa dawa kama heksaflumuroni, ambayo humzuia mchwa kujibadilisha ngozi, huzikwa kuizunguka nyumba, na mchwa huibeba sumu wenyewe hadi kwenye kiota. Chambo huchukua miezi kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo kinamtaka mwenye nyumba awe na subira na asipulizie dawa nyingine juu yake, maana mchwa wakifukuzwa kwenye kituo hawatakula. Fremu ibadilishwe mwisho, udongo ukishatibiwa.

Chini ya kabati la nguo la babu yangu nafagia kila wiki chembe ndogo ngumu zinazofanana na mchanga. Hakuna udongo wowote ukutani. Mtu mmoja amependekeza atoboe sakafu ya chumba kizima na kuitia dawa. Naomba ushauri.

Asitoboe. Zitazame chembe hizo kwa kioo cha kukuzia. Zikiwa na urefu wa karibu milimita moja na pande sita zilizobonyea kidogo, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao huishi maisha yao yote ndani ya mbao wanayoila, hawahitaji kugusa ardhi, na hutoa uchafu wao nje kupitia vitundu vidogo. Zikiwa unga laini unaoteleza vidoleni, mkosaji wako huenda ni bungua, naye ana matibabu yake. Kwa vyovyote vile dawa ya chini ya sakafu haitawafikia waliomo ndani ya kabati.

Kwa samani moja kazi si kubwa. Dawa huweza kuchomwa kwa sindano ndani ya mifereji, au kabati lote hupashwa joto hadi kiini cha mbao kivuke nyuzi 50 za Selsiasi na kikae hapo kwa muda unaotosha, kazi inayohitaji mtu mwenye vipimajoto vya kuingiza ndani ya mbao. Kufukiza kwa gesi nako huua waliomo, lakini hakuachi kinga yoyote, kwa hiyo mchwa wengine wanaweza kuingia msimu unaofuata. Chumvi za boroni zikipakwa kwenye mbao isiyo na rangi wala vanishi hupenya na kuilinda kwa miaka mingi, mradi isilowe, kwa sababu maji huziosha. Chunguza pia dari na kenchi zilizo juu ya chumba hicho, na kwa baadaye kagua samani yoyote ya mitumba kabla haijavuka kizingiti.

Natarajia kuanza kuchimba msingi karibuni. Fundi mkuu ameweka gharama ya dawa ya mchwa katika makadirio, lakini jirani anasema ni upotevu wa fedha kwa kuwa mimi nitatumia zege na mabati. Nifute kipengele hicho?

Usikifute, ila kiandike upya kwa kueleza kazi yenyewe. Hakuna wakati mwingine ambapo udongo ulio chini ya nyumba yako utakuwa wazi mbele yako, na kazi inayofanywa sasa kwa siku moja itahitaji drili na kuhamisha samani ikifanywa baada ya kuhamia.

Jambo la kwanza halihusu dawa. Ng'oa visiki na mizizi ndani ya eneo la nyumba, na usikubali kifusi cha kujazia kiwe na vipande vya mbao. Vigingi vya kupimia na mbao za boksi za zege zitolewe zote. Mafundi hupenda kuziacha ardhini kwa kuwa kuzitoa ni usumbufu, na kila kipande kilichoachwa chini ya jamvi huwa chakula cha kwanza cha mchwa, karibu kabisa na nyumba. Simama mwenyewe siku hiyo, ama mweke mtu unayemwamini.

Dawa ya udongo humwagwa baada ya kifusi kushindiliwa na kabla ya karatasi ya nailoni kutandikwa, kwa kiasi cha lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa dawa nyingi, na zaidi kando ya kuta na kuzunguka mabomba. Isimwagwe kwenye udongo uliojaa maji wala mvua ikiwa inakuja, na zege lifuate bila kuchelewa, kwa kuwa jua na mvua huiharibu. Kosa linalojirudia mno ni fundi bomba kuja baada ya dawa na kuchimba njia ya mabomba yake, akakikata kizuizi katikati. Kwa hiyo mabomba yatangulie, na kama ni lazima pachimbwe tena, pamwagwe dawa tena.

Kama hutaki dawa nyingi, vipo vizuizi visivyo na sumu. Nchini Australia na katika visiwa vya Hawaii hutumika wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu madogo mno kwa mchwa kupita, hasa kuzunguka mabomba yanapotoboa jamvi, pamoja na tabaka la mawe yaliyopondwa na kuchekechwa hadi kufikia takribani milimita 2. Hila ya mawe hayo imo katika ukubwa wake: ni mazito mno kwa mchwa kuyabeba kwa taya, na nafasi zilizo kati yake ni finyu mno kwake kupita. Bati la kinga linalowekwa juu ya msingi, likiwa limekunjwa kuelekea chini pembeni, haliwazuii kabisa, ila huwalazimisha kujenga kijia mahali unapoweza kukiona.

Hilo la kuonekana ndilo ningelisimamia kuliko dawa yenyewe. Acha walau sentimita 15 za msingi zionekane juu ya ardhi kuizunguka nyumba yote, usizifunike kwa bustani, kwa marundo ya kuni, kwa vigae wala kwa plasta inayoshuka hadi ardhini, na uzikague kila baada ya miezi michache kwa tochi. Nguzo za baraza zikae juu ya viatu vya chuma, na miguu ya fremu za milango isizikwe ndani ya sakafu. Kuhusu mbao, kiini cha miti kama mvule na mtiki huwastahimili mchwa vizuri, lakini sehemu ya nje ya mti huo huo, yenye rangi nyepesi, huliwa kama mbao nyingine, kwa hiyo jina la mti pekee halitoshi. Mbao laini zinunuliwe zikiwa zimetiwa dawa kwa shinikizo, na kila ncha inayokatwa kwa msumeno ipakwe dawa upya kabla ya kupigiliwa, kwa kuwa dawa mara nyingi haifiki katikati. Mabaki ya mbao hizo yasichomwe jikoni, maana baadhi yake yana arseniki.

Nimepata nyumba ya kununua. Imepakwa rangi mpya, na muuzaji amekiri kwamba iliwahi kuwa na mchwa lakini ilitibiwa. Mke wangu hataki hata kuisikia. Je, tuiache? Na tukiinunua, tutaweza kuiuza baadaye bila hasara?

Mwambie mkeo kwamba muuzaji aliyekiri ni afadhali kuliko aliyenyamaza, kisha mdai karatasi pamoja. Nyumba iliyotibiwa vizuri na ikawa na kumbukumbu inaweza kuwa salama kuliko ya jirani ambayo haijawahi kukaguliwa. Kinachoshusha bei ni gharama ya ukarabati, na juu yake shaka ya mnunuzi. Ukarabati una kikomo kinachoweza kukadiriwa, ilhali shaka haina, na mnunuzi asiyeonyeshwa chochote hukadiria mabaya kuliko yaliyopo.

Karatasi ya maana hutaja jina la kiambato cha dawa, kiasi kilichotumika, tarehe, mchoro wa nyumba unaoonyesha sehemu zilizotibiwa, na masharti ya dhamana. Isome dhamana kwa makini: je, inahamia kwa mmiliki mpya, na inalipia kurudia dawa pekee au pia kutengeneza mbao zilizoliwa? Nyingi hulipia dawa tu. Neno "ilipigwa dawa" lisiloambatana na haya halina thamani kwenye meza ya mapatano.

Kisha ikague nyumba mchana, ukiwa na tochi na bisibisi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Vitundu vilivyozibwa kwa saruji kando ya kuta, kwa nafasi zinazolingana, ni dalili kwamba dawa iliingizwa chini ya jamvi, nayo ni dalili njema. Rangi mpya peke yake si kosa, bali ile iliyowekwa kwenye sehemu za chini za fremu tu, au puti iliyojazwa pale ambapo mbao ingepaswa kubadilishwa, inastahili kuchomwa kwa ncha. Panda darini uangalie mahali kenchi zinapokaa juu ya ukuta. Ukikuta zimeliwa, mwite mhandisi wa majengo kabla ya mtu wa dawa, kwa maana swali la hapo ni kama paa litasimama. Usalama ukishathibitika, pungufu ya bei ijadiliwe kwa makadirio ya maandishi, na mkataba uwe na sharti la ukaguzi.

Msitegemee bima. Sera nyingi za nyumba haziulipi uharibifu wa wadudu kwa kuwa hutokea polepole na huhesabiwa kuwa suala la matunzo, kwa hiyo someni yenu kabla ya kusaini. Mkishaingia, fungueni jalada moja lenye risiti, picha zenye tarehe na taarifa ya ukaguzi wa kila mwaka, hata ule usioona kitu. Siku ya kuuza, lielezeni jambo lenyewe kwanza kabla ya kuulizwa. Kulificha kunaweza kuwaletea madai mahakamani katika nchi nyingi, na mkaguzi wa mnunuzi ataviona vile vitundu sakafuni kwa vyovyote vile.

Baba yangu humwaga oili chafu ya gari kando ya msingi, na husema kuchimba kichuguu na kumtoa malkia humaliza kazi. Pia stoo kuna dumu la dawa yake ya zamani, lebo imechakaa lakini nasoma "dieldrini". Tuitumie?

Oili chafu huchafua udongo na maji, na haiwi kizuizi kamili kwa kuwa haisambai sawasawa. Mmwombe mzee aiache, kwa heshima. Kuhusu malkia ana hoja, kwa sehemu: katika baadhi ya mchwa wajengao vichuguu vikubwa, kumtoa malkia pamoja na mfalme huweza kuliua kundi, lakini aina nyingine huwa na malkia zaidi ya mmoja au huinua mwingine mahali pake, na mchwa wa ardhini wasiojenga kichuguu huwezi hata kujua pa kuchimba.

Dumu lile msilifungue. Dieldrini, pamoja na aldrini, klodeni na heptaklori, zilisifiwa kwa kudumu ardhini kwa miongo, na kudumu huko ndiko kulikoziponza, kwa kuwa hukusanyika katika mafuta ya mwili wa watu na wanyama. Zote nne zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa dhidi ya kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, ulioanza kutumika 2004. Liacheni katika chombo chake cha asili, liwekeni ndani ya ndoo yenye mfuniko endapo linavuja, mbali na watoto na chakula, msilimwage chooni wala shimoni, kisha mtoe taarifa kwa mamlaka ya mazingira au ya viuatilifu ya nchi yenu ili iwaelekeze pa kulipeleka.